Uwanja wa mapumziko wa moli: maana yake, kwa macho ya Tanga

Uwanja wa mapumziko wa moli, yaani jengo kubwa lenye maduka mengi, ni sehemu ya wazi, nje ya maduka, iliyopangwa makusudi ili watu wakae, wapunge upepo, watoto wacheze, na asiyenunua kitu asisogezwe. Neno la kushika hapo ni "makusudi". Kipande kilichobaki baada ya kugawa maegesho ya magari, kikapandwa nyasi na kuwekewa benchi moja juani, hakistahili jina hilo.

Moli tunazoiga zilizaliwa kwenye baridi. Southdale, iliyofunguliwa mwaka 1956 huko Edina, Minnesota, Marekani, ilifunikwa yote kwa paa na hewa yake kuendeshwa kwa mitambo. Msanifu wake, Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna, alitaka watu wapate pa kukutana, na kwa kuwa nje kuna theluji, bustani akaiingiza ndani. Tanga mambo ni kinyume: kinachotutesa ni jua la alasiri, na upepo wa bahari tunapewa bure. Kujifungia ndani na viyoyozi ni kuukataa.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora duka hata moja, iamuliwe uwanja utakaa upande gani. Mimi ningeuweka mashariki mwa jengo. Jua likishaanza kushuka baada ya saa nane, jengo lenyewe linautandikia uwanja kivuli, na kivuli hicho kinazidi kurefuka hadi saa watu wanapotoka kazini. Mashariki ndiko bahari iliko pia. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki na kusi kutoka kusini-mashariki, basi pembe hizo mbili zisizibwe kwa ukuta.

Jua la asubuhi litazuiwa na miti. Mwarobaini na mkungu hutanda vizuri. Mnazi hupendeza pichani, lakini kivuli chake ni chepesi, na nazi ikimwangukia mtoto ni msiba. Shina liachiwe udongo wazi wa kutosha. Likibanwa na zege, mti hukosa maji na mizizi huja kuinua sakafu.

Kuhusu kukaa, mtafiti Mmarekani William H. Whyte alivichunguza viwanja vya New York kwa miaka, na mwaka 1980 akachapisha alichokiona: watu hukaa mahali penye pa kukaa. Wapwani tunalijua hilo kwa jina la baraza. Baraza la nyumba ya Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, halina vyuma vya kumtenga mtu na mwenzake. Wazee wanakaa bega kwa bega, mama anampakata mwanawe, kijana anajinyoosha. Baraza kama hilo, kimo cha sentimita 45 hivi, likizungushwa chini ya mti, linafaa kuliko viti vya chuma vinavyounguza saa saba mchana. Bembea ziwe mbele yake, mama amwone mtoto bila kuinuka.

Njia ya kiti cha magurudumu ipande taratibu, sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo, na mifereji ipimwe kwa mvua ya masika. Baiskeli zipewe nguzo za kufungia kivulini, karibu na lango, maana Tanga wengi watafika kwa baiskeli, na mwenye nayo hatulii barazani ikiwa ameiacha mahali asipoiona.