Bipola, pupa na ule muda mfupi wa kusita

Ndugu wa wagonjwa wangu wa bipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi, hawachoki kuniuliza: "Daktari, kwani hakuona kwamba anamaliza akiba yote?" Aliona. Wengi hunieleza baadaye, mania (kipindi cha hisia na nguvu kupanda kupita kiasi) ikishapita, kwamba walijua fika wanachofanya. Kilichokosekana ni ule muda mfupi wa kusita kati ya kutaka na kutenda.

Kusita huko kunapimika. Mtu hulala ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili, akitazama herufi zinazopita. Kila herufi ikitokea hubonyeza kitufe, isipokuwa moja, ambayo akiiona hutakiwa kuuzuia mkono. Mashine nayo hufuatilia damu yenye oksijeni inavyoongezeka pale ubongo unapofanya kazi. Kwa mtu asiye na ugonjwa, eneo la chini la ubongo wa mbele, hasa upande wa kulia, huchangamka. Kwa walio katika mania, eneo hilo kwa wastani halichangamki kiasi hicho. Kuna tafiti zilizoona pia kwamba sehemu za ndani zinazotazamia raha na faida, ambako dopamini, kemikali ya ubongo, hufanya kazi kubwa, huitikia kwa nguvu kuliko kawaida. Hamu imepanda, kizuizi kimelegea. Hapo kumwambia mtu "jikaze" ni kumdhulumu.

Hata mgonjwa akiwa ametulia, analala vizuri na kazini anakwenda, pupa mara nyingi hubaki juu kidogo kuliko kwa wengine. Ndiyo maana simwambii mtu aache dawa kwa sababu tu anajisikia mzima. Lithiamu, dawa ya bipola ambayo daktari John Cade wa Australia aliripoti matumizi yake kwa mania mwaka 1949, hupunguza pia hatari ya kujiua.

Ila picha hizo ni wastani wa makundi. Hakuna anayeweza kutazama ubongo wa mtu mmoja kwenye MRI akathibitisha bipola. Ugonjwa hutambuliwa kwa mazungumzo marefu na historia ya mgonjwa. Anayekuuzia picha kama uthibitisho, mkatalie.

Mipango ifanywe wakati wa utulivu, na mgonjwa mwenyewe ndiye aamue: nani ashike kadi ya benki, ununuzi mkubwa usubiri siku ngapi, nani aruhusiwe kumwita daktari. Usingizi ukipungua naye hachoki, pigeni simu siku hiyohiyo, kabla fedha hazijaanza kutoka.