Gari la haibridi linabanaje mafuta, na kwa nini likizeeka huanza kubugia

Haibridi ni gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazosaidiana kuzungusha magurudumu. Haibridi za kawaida zinazoletwa nchini kutoka Japani zikiwa zimeshatumika, kama Toyota Prius na Toyota Aqua, hazichomekwi kwenye umeme wa ukutani. Zinajazwa petroli tu. Mtu akilisahau jambo hilo, mengine yote ya ulaji wa mafuta yatamchanganya.

Wengi huamini gari hili linabana mafuta kwa sababu "linatembelea umeme". Ndiyo maana hapa Kigoma utamkuta dereva anatoka Mwanga kwenda Ujiji akinyata nyuma ya baiskeli, mradi injini isiwake. Lakini umeme huo umetoka wapi? Umetoka kwenye petroli aliyoinunua mwenyewe. Na kila petroli inapogeuzwa umeme, ukaingia betrini, ukatoka tena kwenda kwenye mota, kiasi fulani hupotea njiani. Akinyata hadi betri ishuke, injini itawaka ijaze kile kile alichokitumia, na hasara itakuwa juu yake.

Tazama ukubwa wa betri yenyewe. Aqua iliyoingia sokoni Japani mwishoni mwa 2011 ina betri ya volti 144 yenye uwezo wa takribani uniti 0.9, uniti hizi hizi tunazonunua za LUKU. Prius ya 2009 ina kama uniti 1.3. Tena kompyuta ya gari haiitumii yote. Hucheza katikati, takribani kati ya asilimia 40 na 80, ili betri isichoke mapema. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu uniti 9. Betri ya namna hiyo si tangi la pili. Kazi yake ni kushika kwa dakika chache nishati ambayo gari la kawaida lingeitupa.

Gari la kawaida huitupa pakubwa kwenye breki. Ukishuka kutoka Mwanga kuelekea stesheni ukapunguza mwendo, pedi hubana diski, mwendo unageuka joto na joto linapotea hewani. Petroli uliyoichoma kupanda pale imekwisha bure. Kwenye haibridi, ukigusa breki taratibu, mota hugeuka jenereta: magurudumu ndiyo yanayoizungusha, na umeme unarudi betrini. Utakapopanda tena, umeme huo unaipunguzia injini kazi. Upotevu mwingine ni injini kuunguruma gari likiwa limesimama, au kutumika kwa kazi ndogo isiyoistahili. Haibridi huizima injini nyakati hizo, na kuiwasha pale inapoweza kufanya kazi kwa faida.

Kwa hiyo kubana mafuta ni kuliachia gari nafasi ya kufanya mambo hayo mawili: kuvuna mwendo na kuipumzisha injini.

Mguu wako una kazi kubwa hapa. Prius ya 2009 na Aqua zina mstari kwenye dashibodi wenye sehemu tatu: CHG kushoto, ECO katikati, PWR kulia. Ukiondoka, kanyaga mafuta kwa uthabiti, mstari ukae ndani ya ECO, ufikie 50 bila kuvutavuta muda mrefu. Kisha legeza mguu. Injini ikishapata joto, na ukiwa chini ya kilomita 70 kwa saa hivi, utaona inazima huku gari likiendelea kuserereka. Ukiona tuta kwa mbali, anza kugusa breki mapema na kidogo kidogo, mstari uingie CHG ukae humo. Ukisubiri hadi tuta liwe puani kisha ukakanyaga kwa nguvu, mota haiwezi kumeza nishati yote kwa mkupuo, pedi zinaingia kazini, na umerudi kwenye gari la kawaida. Matuta tunayoyalalamikia kila siku humuadhibu dereva wa haibridi kidogo kuliko mwenzake, ila awe anayaona mapema.

Kuna tabia moja iletwayo na madereva wa magari ya zamani ambayo naomba iachwe kabisa: kuweka nyutro kwenye mteremko. Haibridi ikiwa N haivuni kitu. Unashuka mlima mzima, betri inabaki ilivyokuwa, na breki zinachemka. Hata kwenye foleni, usikae N muda mrefu, maana injini haitaweza kuchaji betri ya haibridi huku kiyoyozi kikiendelea kuinyonya.

Mteremko mrefu una habari yake. Gari lenye uzito wa kilo 1,300 pamoja na watu wake likishuka mita 100 tu kwenda chini linaachia nishati ya takribani uniti 0.35. Hiyo inakaribia nafasi yote ambayo kompyuta huiruhusu betri ya Aqua itumie. Haivunwi yote, kwa kuwa tairi na upepo navyo vinachukua chao. Hata hivyo, anayeteremka kutoka vilima vya Manyovu kuja Mwandiga atashangaa betri imejaa mapema, halafu ghafla injini inaanza kuvuma bila yeye kukanyaga mafuta. Gari si bovu. Betri haina pa kuweka tena, hivyo mfumo unatumia mzunguko wa injini kuzuia mwendo. Kwenye mteremko kama huo ndipo herufi B kwenye gia inapofaa, kuzinusuru breki. Ukiitumia B mjini kwa imani kwamba inachaji zaidi, unajipunguzia kilomita.

Sasa gari lililokwisha kutumika. Likianza kula mafuta, watu hukimbilia kuihukumu betri, na mafundi wengine hufurahi kuihukumu pamoja nao kwa sababu ina bei. Mimi ningeanza kwingine kabisa.

Ningeanza na upepo wa tairi, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, tairi zikiwa za baridi. Kisha ningeuliza kama tairi ni za saizi iliyoandikwa pale. Mtu akiweka tairi pana na nzito, akaliinua gari kwa ajili ya barabara za vumbi, akafunga na keria juu, asilinganishe ulaji wake na wa aliyeliacha gari lilivyokuja.

Baada ya safari isiyo na breki nyingi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikitoa joto kuliko wenzake, breki yake inang'ang'ania. Jambo hili huwapata haibridi kwa urahisi, kwani pedi na kalipa, yaani kishikio cha pedi, hazitumiki sana, zinapata kutu na vumbi, zinakwama. Gari linavutwa nyuma muda wote na dereva hajui.

Halafu fungua mlango wa nyuma utafute tundu la hewa la betri. Kwenye Prius liko ubavuni mwa kiti cha nyuma, kwenye Aqua liko chini yake. Betri ya nikeli hupoozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, hewa hiyo hiyo anayovuta abiria. Ukisafiri madirisha wazi kwenye vumbi, feni inalimeza. Ukipandisha gunia la dagaa au madumu ya mawese nyuma yakaziba lile tundu, betri inakosa pumzi. Ikipata joto, kompyuta huizuia isipokee wala kutoa umeme mwingi, uvunaji unapungua, injini inawaka mara kwa mara, na kituo cha mafuta unakiona mapema kuliko mwezi uliopita. Feni yenyewe hujaa nyuzi za viti, nywele na udongo mwekundu hadi mapezi yake yanafanana na blanketi kuukuu. Kuisafisha ni kazi ya fundi anayeijua haibridi, maana ndani kule kuna nyaya za rangi ya chungwa zenye umeme wa kuua. Wewe linda tundu lisizibwe. Kwa joto la mwambao wa ziwa, kiyoyozi cha wastani kinaweza kuisaidia betri kuliko kukizima na kufungua madirisha.

Oili nayo isisahaulike. Injini hizi zimeundwa kwa oili nyepesi kama 0W-20. Ukimwaga ukaweka nzito kwa sababu gari ni la zamani, kila mzunguko unakuwa mzito. Na safari fupi fupi zinaumiza: kila asubuhi injini lazima iwake ijipashe joto hata kama betri imejaa. Ukiweza, ya sokoni, benki na shuleni yaunganishe safari moja.

Betri iliyochoka kweli ina dalili zake. Vijiti vya betri kwenye dashibodi hupanda hadi juu ndani ya dakika chache kisha huporomoka vile vile, feni inavuma bila sababu, injini inawaka hata ukiwa umesimama tu. Hapo lipelekwe likapimwe kwa kompyuta, betri ikiwa kazini, fundi akuonyeshe volti za kila fungu la seli za betri. Fungu moja likishuka sana chini ya mengine gari linapopanda mlima, umepata jibu.

Kabla ya yote hayo, pima ulaji kwa tangi. Jaza hadi bomba likate lenyewe, andika kilomita, tembea kawaida, ujaze tena kituo kile kile. Ukiwa umetembea kilomita 420 na zimeingia lita 20, gari linakupa 21 kwa lita. Usilipime kwa 35.4 iliyotangazwa kwa Aqua ilipozinduliwa. Hiyo ilipatikana kwa kipimo cha maabara cha Kijapani. Lipime kwa lenyewe, njia zile zile, mwezi huu na ujao.