Korongo wa ronghua: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Ronghua hushonwa kwa kitambaa cha mahameli

Hamna kitambaa ndani yake. Ronghua ni sanaa ya Kichina ya kutengeneza mapambo ya kuvaa, kama maua na ndege, inayojulikana zaidi kwa mafundi wa mji wa Nanjing, nayo hutumia nyuzi za hariri zisizosokotwa na waya mwembamba wa shaba. Kinachoonekana kama mahameli ni maelfu ya ncha za hariri zilizosimama. Hariri mbichi haifai, kwa sababu imevikwa gundi ya kiwavi inayofikia karibu robo ya uzito wake, nayo hushikamanisha nyuzi. Huchemshwa kwanza kwenye maji ya magadi mpaka gundi itoke, ikasuuzwa, ndipo ikatiwa rangi.

Dhana: Ukizidisha hariri, ndege anajaa manyoya

Kosa hili huharibu kazi kuliko jingine lolote, na chanzo chake ni kutojua kifito kinavyotengenezwa. Kifito ni kipande cha waya chenye nyuzi za hariri pande zote, kama brashi ya kuoshea chupa. Safu ya hariri huning'inizwa kwenye kijiti na kuchanwa kwa brashi mpaka nyuzi zote zilale sambamba na mwanga uanze kupenya. Waya hukunjwa katikati na kuingizwa kutoka ubavuni, upande mmoja mbele ya safu na mwingine nyuma, kisha ncha zake husokotwa pamoja. Waya wa pili hufuata chini yake, wa tatu vivyo hivyo. Halafu mkasi hupita katikati ya waya na waya, na kila kipande huviringishwa kati ya vibao viwili hadi nyuzi zifunguke duara.

Safu ikiwa nene, pande mbili za waya hazikutani. Nyuzi za katikati hazibanwi na kitu, na ukizivuta kidogo zinachomoka. Ikiwa nyembamba mno, waya unaonekana. Kipenyo cha kifito hutokana na nafasi uliyoacha: waya zikiachana kwa milimita 10, kifito kitakuwa cha milimita 10. Ukitaka ndege mnene, panua nafasi na uache safu ilivyo.

Dhana: Waya wowote utafaa

Tumia shaba nyekundu ya milimita 0.2, iliyopashwa moto hadi iwe nyekundu hafifu na kuachwa ipoe. Isipopashwa hurudi nyuma kila ukiisokota, na msokoto ukilegea hariri inapukutika. Waya wa chuma hushika kutu, na kutu hupenya kwenye hariri nyeupe.

Dhana: Umbo la ndege hutokana na pamba iliyojazwa ndani

Umbo huchongwa kwa mkasi. Kifito huzungushwa polepole kwa vidole vya mkono mmoja huku mkono mwingine ukikata kwa mshazari. Kwa korongo wa sentimita 9 hivi, kiwiliwili ni kifito cheupe cha kipenyo cha milimita 25 na urefu wa sentimita 4, kinachokatwa hadi kiwe kama yai lililochongoka nyuma. Shingo ni kifito cheusi cha milimita 7, chembamba zaidi upande wa kichwa. Kila bawa lina vifito vyeupe vitano vya sentimita 3 hadi 4.5, vilivyochongoka ncha zote mbili na kufungwa pamoja kwenye mzizi. Utosi ni kipande chekundu cha milimita 3. Miguu na mdomo ni waya mnene kidogo uliozungushiwa uzi wa hariri.

Kata kidogo kidogo. Kilichokatwa hakirudi, na bawa moja likiwa fupi kuliko jenzake itakubidi ulifanye upya. Hapa ndipo vifito vya madukani vya nailoni vinaposhindwa: vina unene mmoja mwanzo hadi mwisho na havina mng'ao wa hariri.

Dhana: Mkia wa korongo ni mweusi

Korongo mwenye utosi mwekundu, anayependwa China kama ishara ya maisha marefu, ana mkia mweupe. Weusi unaoonekana nyuma ni wa manyoya ya mabawa yanayoufunika mkia akiwa amesimama. Kwa hiyo ukimfanya anaruka, vifito vyeusi vitatu vifungwe kwenye ukingo wa nyuma wa kila bawa, karibu na mwili. Michoro mingi hukosea hapa, na anayeiga mchoro hurithi kosa.

Dhana: Gundi ndiyo inayoshikilia kila kitu

Sehemu hushikana kwa waya zake zenyewe, zilizokunjwa kwa kibano na kufungwa kwa uzi wa hariri. Gundi huwekwa kwa tone moja pale uzi unapoishia. Ikizidi, hupanda kwenye manyoya na kuyaacha magumu na yenye giza.

Dhana: Ronghua yalikuwa mapambo ya ikulu tu

Tamthilia za ikulu ya Qing, nasaba ya mwisho ya wafalme wa China, zimeeneza picha hiyo, hasa tangu 2018. Lakini watu wa kawaida wa Nanjing pia walivaa ronghua harusini na kwenye sikukuu za majira ya kuchipua, Duanwu (sikukuu ya mashua za joka) na katikati ya vuli.

Dhana: Manyoya yakilala, pambo limekwisha

Lishike juu ya mvuke wa birika, sentimita 20 hivi, kwa sekunde chache. Kisha yachane kwa brashi laini kavu kutoka kwenye waya kuelekea nje, ukiligeuza taratibu. Usilitumbukize majini: hariri iliyolowa hugandana, na rangi nyekundu ya utosi inaweza kuchuruzika hadi kwenye weupe.