Rameni ya kwanza haikukupendeza? Dhana zinazowafanya watu wasirudi

Rameni, bakuli la Kijapani la tambi ndani ya supu, hukatiwa hukumu upesi. Mtu anaingia mgahawani mara moja, anakuta supu imezidi chumvi, tambi ngumu, harufu ya mifupa imetanda tangu mlangoni, anatoka akiapa kuwa hapo hatakanyaga tena. Mimi huwaambia wenzangu wanaokwenda Japani kusoma au kununua magari: rudini mara moja zaidi, lakini mrudi mkijua cha kuomba. Bakuli ni kama yeni 1,000 hivi, na mengi yanayosemwa dhidi ya migahawa hii si kweli.

Dhana: Ukishakula bakuli moja, umeujua mgahawa.

Rameni haimalizikii chunguni. Hukamilishwa bakulini baada ya wewe kuagiza. Chini hutangulia tare, kiungo cha majimaji kilichokolea, ambacho huweza kuwa cha sosi ya soya, cha chumvi au cha miso, yaani soya iliyosagwa na kuchachushwa. Kisha humiminwa supu ya mifupa ya kuku au ya nguruwe, au ya samaki wakavu, yakafuata mafuta ya kunukia na tambi. Kwa hiyo chungu kimoja cha supu kinaweza kutoa mabakuli matatu yasiyofanana kabisa. Anayehukumu kwa moja ni sawa na aliyeonja chai ya tangawizi akasema chai huwasha koo.

Tena migahawa mingi huuza kwa mashine ya tiketi iliyoandikwa Kijapani, na mgeni hubonyeza kitufe chochote. Ukirudi, jaribu kitufe cha juu kushoto. Mara nyingi hapo ndipo mwenye mgahawa huweka bakuli analojivunia.

Dhana: Chumvi na mafuta mengi ni dalili ya mpishi asiyejua kazi.

Hapa ndipo watu wanapoikosa migahawa mizuri. Kwa kuwa tare na mafuta hupimwa bakuli kwa bakuli, vyote viwili hupunguzika. Mtindo uitwao iekei, ulioanzia Yokohama mwaka 1974 katika mgahawa wa Yoshimuraya, umejengwa juu ya jambo hilo: mteja huchagua ugumu wa tambi, ukali wa ladha na wingi wa mafuta. Ukinyamaza unapewa kiwango cha kawaida, nacho kwa asiyezoea ni kizito. Sema "usume" upunguziwe ukali, "sukuname" upunguziwe mafuta, "yawarakame" upikiwe tambi laini. Mpishi hakasiriki, hayo ndiyo maswali anayosubiri kujibiwa. Nimeona watu wakilikubali bakuli lilelile walilolitukana, kwa neno moja tu la "usume".

Hata hivyo chumvi ya rameni ni nyingi kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na bakuli moja ukilinywa hadi tone la mwisho linaweza kuvuka kiasi hicho. Iache supu. Si lazima uimalize, na kuibakiza hakumvunjii mpishi heshima.

Dhana: Supu nyeupe imetiwa maziwa, na harufu ile ni ya uchafu.

Hakuna maziwa. Hiyo ni tonkotsu, supu ya mifupa ya nguruwe ya kisiwa cha Kyushu, na mji wa Kurume ndio unaohesabiwa kuwa chimbuko lake, tangu kibanda kilichofunguliwa huko mwaka 1937. Mifupa huchemshwa kwa moto mkali kwa saa nyingi hadi mafuta na ute wake vichanganyike na maji, na mchanganyiko huo ndio unaoleta weupe. Kurume pia wana desturi ya kuongeza supu mpya juu ya ile iliyokuwapo chunguni, na harufu hukolea kwa sababu hiyo. Wenyeji wanaipenda. Kama wewe imekushinda, usijilazimishe: nafasi ya pili uipe rameni ya aina nyingine, kwa mfano ile ya Tokyo ya supu angavu na sosi ya soya. Hiyo ina historia ndefu zaidi, kwani mgahawa wa Rairaiken ulifunguliwa Asakusa, mtaa wa Tokyo, mwaka 1910 ukiwa na wapishi wa Kichina.

Dhana: Tambi ngumu hazijaiva, na umanjano wake ni wa mayai.

Tambi za Hakata, eneo la jiji la Fukuoka kisiwani Kyushu, ni nyembamba mno, huiva haraka, na huendelea kulainika zikiwa ndani ya supu moto. Mpishi huzitoa zikiwa na ugumu kidogo ili zisilegee kabla hujafika nusu. Huko unaweza pia kuongezewa tambi peke yake katika supu iliyobaki. Umanjano na ule mvutano wake huletwa na kansui, maji yenye chumvichumvi za alikali, hata pasipokuwa na yai.

Dhana: Wananiharakisha kwa sababu wananidharau.

Mgahawa wa rameni mara nyingi ni kaunta yenye viti vichache na foleni mlangoni. Mtu anakula, anainuka, mwingine anakaa. Wenyeji hufanyiwa vivyo hivyo. Ukitaka mazungumzo marefu, chagua mahali pengine pa kukutania na rafiki.

Dhana: Muislamu hana rameni Japani.

Anayo. Tokyo, Osaka na Kyoto kuna migahawa ya rameni ya halali yenye supu ya kuku, baadhi ikiwa Asakusa kwenyewe. Ila msichukulie kwamba kila bakuli la kuku ni halali: huweza kuwa na mafuta ya nguruwe, mvinyo wa kupikia uitwao mirin, au kuku asiyechinjwa kwa utaratibu wa dini. Mgahawa usio na cheti, uliza kabla ya kukata tiketi. Ukiona jibu linasitasita, ondoka.

Dhana: Kila mgahawa unastahili nafasi ya pili.

La. Ladha usiyoizoea, kiwango cha chumvi, aina ya supu, hata kufika saa mbaya wakati wapishi wamezidiwa, haya yote ni sababu za kurudi. Lakini supu iliyoletwa vuguvugu si ladha ya mtindo wowote wa rameni ya moto. Tambi zilizogandana kuwa donge ni uzembe. Nyama iliyochacha ni hatari, na hapo usimalize hata bakuli la kwanza.