Vita vya Kagera: tunayoyashika na yaliyotokea

"Vita havikufika Mwanza." Nimelisikia hili hata Capri Point, mtaa wa Mwanza ulio kando ya ziwa, kwa watu wanaokiona kisiwa cha Saanane kila asubuhi. Vilifika. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22, iliyokuja kumwokoa Idi Amin, rais wa Uganda aliyekuwa akipigana na Tanzania, ililenga matangi ya mafuta ya mji ikayakosa. Makombora yakaangukia Saanane, siku hizo bustani ya wanyama: swala wakafa, mfanyakazi mmoja akajeruhiwa.

"Amin alivamia kwa kuwa alikuwa kichaa." Jibu hili linapendwa kwa sababu linafunga mjadala. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wake waliingia Kagera, wakapora ng'ombe na kiwanda cha sukari; daraja la Kyaka likalipuliwa, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto Kagera ni ya Uganda. Hayo hayabishaniwi. Kinachobishaniwa ni sababu. Wapo wanahistoria wanaosema yalizuka maasi jeshini, askari wakavuka mpaka wakiwafukuza waasi, kisha Amin akajifanya ndiye aliyepanga. Wengine wanasema alitafuta ushindi wa kuwatuliza wanajeshi wake. Wengine huanzia 1972, wakimbizi wa Uganda walipovamia kwao wakitokea Tanzania. Kwangu mimi, maelezo mawili ya mwanzo hayagombani hata kidogo: maasi yalimfungulia njia, tamaa ikampitisha.

"Tulimng'oa peke yetu." Mzigo mkubwa aliubeba mwanajeshi wa Tanzania, sawa. Lakini Waganda walikuwamo: Kikosi Maalum cha wafuasi wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, na kundi la Museveni. Je, Nyerere alipigana ili amrudishe rafiki yake Obote? Hapa wanahistoria hutoana jasho. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979, na aliyeapishwa urais ni Yusuf Lule, si Obote. Wenye shaka hujibu kwamba Lule alidumu siku 68 tu, na Desemba 1980 Obote akarudi Ikulu.

"Afrika nzima ilishangilia." Wapi! Katika mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliofanyika Monrovia, Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania waziwazi kwa kuingilia nchi ya wenzao. OAU hiyohiyo ndiyo iliyompa Amin uenyekiti mwaka 1975, kikao kikifanyika Kampala, na Nyerere akakataa kwenda.