Arigoni: tabia zake, na vitundu kwenye mshono wa TIG

Arigoni ni elementi namba 18. Elektroni zake zimekaa 2, 8, 8: tabaka la nje limetosheka, haihitaji kutoa wala kupokea. Ndiyo maana hata kwenye joto la tao la umeme haiungani na alumini wala stenlesi. Fundi anayechomelea kwa TIG (tao la umeme linalotoka kwenye ncha ya tungsteni, likilindwa na gesi) anainunua kwa sababu hiyo tu: izuie hewa, yenyewe isiguse kitu.

Haina rangi wala harufu. Ni takriban asilimia 0.93 ya hewa, na huchemka kwenye nyuzi −185.8, jirani kabisa na oksijeni (−183). Kuzitenganisha ni kazi ngumu, na hilo linachangia bei ya mtungi.

Uzito wake ndio unaonivutia zaidi. Kwenye nyuzi 0, lita moja ina gramu 1.78, hewa ina 1.29. Ukichomelea kazi iliyolala, gesi inatulia juu ya chuma kilichoyeyuka. Ukichomelea juu ya kichwa, inakukimbia kwenda chini, kwa hiyo ongeza mtiririko kidogo.

Kwa nozeli (mdomo wa kutolea gesi) za kawaida, naweka lita 8 hadi 12 kwa dakika. Mtungi wa lita 50 uliojazwa bar 200 una takriban lita 10,000, yaani saa 16 hivi za tao kwa lita 10. Vitundu vikitokea, wengi hukimbilia kufungua zaidi regulata, yaani kidhibiti cha gesi kwenye mtungi. Hapo wanaharibu: gesi ikitoka kwa kasi mno inajizungusha na kuvuta hewa ndani. Anza kwa kuangalia kama feni au mlango ulio wazi unapeperusha gesi, halafu pitisha maji ya sabuni kwenye viungio vya mpira wa gesi uone kama vinavuja, kisha safisha mafuta na kutu. Ncha ya tungsteni ikigeuka bluu au nyeusi, gesi imekatika mapema. Kwa ampea 120, iache itoke sekunde 12 baada ya tao kuzimika, na tochi ya kuchomelea usiiinue.

Ndani ya tangi au shimo, uzito uleule ni hatari ya kifo. Arigoni inajaa kuanzia chini na kusukuma oksijeni nje, wala hutahisi kukabwa, kwani mwili hushtushwa na kabonidayoksaidi kuzidi, si oksijeni kupungua. Mtu anaanguka bila dalili. Pima oksijeni sehemu ya chini. Ikiwa chini ya asilimia 19.5 usiingie. Weka feni ya kuingiza hewa safi na mwenzako abaki nje. Ukianguka, asikufuate bila kifaa cha kupumulia.