Noti chache za gitaa si dalili ya vidole vizito
Imezoeleka kudhani kwamba mpiga gitaa wa roki anayepiga noti chache anaficha udhaifu wa vidole. Si kweli. Paul Kossoff wa bendi ya Free, aliyefariki mwaka 1976 akiwa na miaka 25 tu, alifundishwa gitaa la klasiki tangu utotoni. Alichochagua ni kuishikilia noti moja na kuitetemesha hadi ilie kama mtu. Kazi hiyo ni ngumu: uzi ukivutwa pungufu, noti haifiki, ukizidishwa, inapitiliza, na hakuna noti nyingine za kulifunika kosa. Mpiga gitaa Peter Green, aliyeanzisha bendi ya Fleetwood Mac mwaka 1967, aliacha ukimya kati ya noti, na kwangu mimi ukimya huo ndio unaochoma moyo.